Kesi ya madai imefutwa kwa sababu mdai hakufika, inarudishwaje?

Viazi_Makete: Wakuu, heshima kwenu. Namdai mtu sh milioni 14 za viazi, kesi iko mahakama moja ya wilaya mkoani Mbeya. Siku ya kusikilizwa gari lilinasa kwenye matope Kitulo. Mdaiwa alikuwepo, hakimu akaifuta. Leo ni siku ya 22. Jirani anasema nifungue kesi mpya. Ni sawa?

Mwanjelwa01: Jirani anakupoteza. Mdaiwa akiwepo na mdai asiwepo, Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakuzuia kufungua upya kwa dai lile lile. Mngekosekana wote wawili ungeweza, mradi miaka 6 ya madai ya mkataba haijaisha. Unachotakiwa ni maombi ya kutengua amri ya kufuta, mahakama ile ile, ndani ya siku 30 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Zimebaki 8, na nakala ya amri isikucheleweshe: iombe huku unaandaa.

Sokomatola: Unaandaa chemba samonsi (fomu ya maombi inayomwita upande wa pili mbele ya hakimu) na hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia), unapakia kwenye mfumo wa mahakama, unalipia siku hiyo hiyo.

Kiapo ndicho kinachoangusha wengi. Mtu anajaza kurasa tatu za deni, wakati hakimu kwa sasa hana haja na deni. Anataka kujua siku ile ulikuwa wapi. Andika ulitoka saa ngapi, gari namba gani, lilinasia wapi, ulimpigia nani. Ambatisha tiketi. Ukiandika "kondakta aliniambia njia haipitiki", hayo ni maneno ya kuambiwa, kwa hiyo kondakta naye aape kiapo chake. Hoja za kisheria zibaki nje. Na pale chini, kwa kamishna wa viapo (anayekuapisha, mara nyingi wakili), mahali na tarehe ya kuapa viandikwe. Vikikosekana, wakili wa upande wa pili anakuja na pingamizi la awali, yaani kutaka maombi yatupwe kabla hayajasikilizwa.

Tukuyu_mvua: Kabla ya yote kakague jalada. Ilikuwa siku ya kusikilizwa kweli, au ya kutajwa tu, yaani ya kuangalia kesi imefikia wapi na kupanga tarehe? Kama ni kutajwa, hiyo peke yake ni hoja nzito.

Viazi_Makete: Kusikilizwa. Tiketi ninayo, kondakta yuko Uyole. Siku 30 zikipita je?

Mwanjelwa01: Unaanza na maombi ya kuongezewa muda, kifungu cha 14 cha Sura hiyo ya 89, na kila siku uliyochelewa uitolee maelezo, hata iwe moja. "Nilikuwa natafuta hela ya wakili" huwa haipiti.

Sokomatola: Maombi yakikataliwa, amri hiyo inakatiwa rufaa. Ila tarehe ikipangwa, lala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Matope ya pili hakuna hakimu atakayeyasikiliza.