Bushi za Corolla ya Mama Nasra

*Kikundi: Ndugu wa Kimara*

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa. Gari imeanza tena. Nikivuka tuta, ko! chini ya miguu. Na bushi za amu za mbele, zile raba za mikono ya chuma inayoshika tairi, nimebadilisha juzi tu, hata miezi mitatu haijaisha 😭

Baba Junior: Pole dada. Umeuziwa feki. Rudi Kariakoo ukatafute orijino.

Mjomba: Marahaba. Ukikanyaga breki je?

Mama Nasra: Inagonga pia mjomba, na usukani unavuta kushoto. Tairi ya kushoto imelika kwa ndani mpaka nyaya zinaonekana. 📷

Mjomba: Angalia raba kwenye picha. Ikizeeka hukauka ikaweka nyufa ndogondogo. Hii imechanika kwa kuzunguka, kama nguo iliyokamuliwa. Fundi alikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki?

Mama Nasra: Ndiyo, tairi zikining'inia. Alimaliza kila kitu ndipo akashusha.

Mjomba: Basi ndipo alipoiua. Ile raba imegandana na chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajinyonga tu. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, chuma cha ndani kinabanwa palepale. Ukishusha gari amu inapanda, raba inabaki imenyongwa hata gari ikilala uani. Hapo hujagusa makorongo yetu bado. Hata orijino ingekufa.

Baba Junior: Duh! Mimi Noah yangu nilikazia juu.

Mjomba: Legeza bolti leo, shusha gari, itikise, ukaze upya.

Mama Nasra: Sasa nimwambieje fundi? Ni mkali huyo.

Mjomba: Nakuja Jumamosi, nitasimama naye. Nunua za kulia na kushoto. Za zamani zitolewe kwa presi, ile mashine ya kusukuma, asichome moto. Mpya zikigoma kuingia, maji ya sabuni. Grisi na oili zinakula raba. Bolti azishike kidogo tu, gari ikanyage chini, ndipo akaze. Asipozifikia bolti hapo chini, jeki aiweke chini ya amu mpaka ibebe uzito. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa tairi, na ile tairi itupwe.

Bibi: Nasra asipande hiyo gari kwenda shule.

Mjomba: Kweli mama. Wala wewe usiende nayo kazini, mwanangu, tairi yenye nyaya nje inapasuka bila kubisha hodi. Panda mwendokasi.

Mama Nasra: Sawa mjomba. Ufunguo nimeshampa Bibi.