Naomba ushauri: kibali cha kazi cha mwalimu wa Fizikia kutoka Malawi

MzeeWaMigomba: Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ninaendesha sekondari ndogo ya binafsi huku Tukuyu, na walimu wa Fizikia hawanikai, kwa sababu kila ninayemwajiri hupata ajira ya serikali akaondoka. Sasa nimempata mwalimu wa Karonga, Malawi, mwenye shahada. Naomba kujua kama kibali chake ni cha daraja B au C, na kipi hutoka upesi, maana kidato cha nne wana mtihani Novemba.

Kisima: Ni daraja B. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, daraja hilo ni la taaluma maalumu, na walimu wa sayansi na hisabati wamo pamoja na watu wa afya na wataalamu wa mafuta na gesi. Usilichanganye na daraja B la kibali cha ukaazi: cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, cha ukaazi na Uhamiaji, na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Utatakiwa kuonyesha kwamba ulimtafuta Mtanzania ukamkosa, na uwe na mpango wa urithishaji unaoeleza ni nani atakayejifunza kwa mgeni huyo hadi aishike nafasi yake, kwa kuwa kibali ni cha miezi 24 na hata kikiongezwa kina ukomo wake.

BintiMkwawa: Ulimtafuta kweli? Nimehitimu Mkwawa, Iringa, Fizikia na Hisabati, na huu ni mwaka wa pili ninapanga parachichi kwenye makreti Njombe. Shule moja ya binafsi iliniita kwenye usaili ikanitajia mshahara usiotosha kodi ya chumba na nauli. Huo nao mnauita uhaba wa walimu.

MwanaKyela: Mtu wa Karonga si mgeni kwetu. Kingonde na Kinyakyusa vinasikilizana, ila mto Songwe ndio uliotugawa. Si wote ni Afrika Mashariki? Mlete tu, mzee.

Kisima: Malawi ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, si wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010 haimhusu. Mzee, mwalimu huyo yuko wapi leo?

MzeeWaMigomba: Yuko karibu.

Kisima: Karibu na wapi?

MzeeWaMigomba: Nisiwafiche. Anafundisha tangu Januari. Huvuka Kasumulu, hugongewa muhuri wa matembezi, na siku zikikaribia kwisha hurudi kwao kidogo, kisha akaja kugongewa mwingine. Safari ya mwisho ofisa aliihesabu mihuri kwa ncha ya kalamu, mmoja baada ya mwingine, halafu akagonga bila kusema neno. Malipo yake yameandikwa kwenye daftari kama "posho ya mgeni". Lakini nieleweni: watoto hawa hawakuwahi kushika ammita ya kupimia mkondo wa umeme, naye aliwaundia saketi kwa betri za redio na balbu ya tochi. Wazazi waliolipa ada ningewaambia nini? Ninafikiria kumwandika kuwa ni wa kujitolea mpaka kibali kitoke.

Kisima: Hata wa kujitolea huhitaji kibali, na daftari lako mwenyewe linasema analipwa. Asimamishe vipindi leo, kisha umwone mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote.

MamaWawili: Mnafundisha watoto uraia huku mnavunja sheria! Miaka ya nyuma zahanati ya jirani yetu Makambako ilikuwa na mganga mgeni asiye na kibali. Alichukuliwa asubuhi, na wagonjwa wakabaki kwenye benchi na kadi mkononi. Mwenye zahanati alisema, kama wewe, kwamba aliwahurumia watu.

Mdadisi: Mimi hadithi hii naitilia shaka. Mwanzoni alisema "sasa nimempata", kumbe ni Januari. Tena mwenye shule aliyebaki Tukuyu amejuaje kwamba ofisa alihesabu mihuri kwa ncha ya kalamu? Ama huyu ni ofisa anayewatega wenye shule, ama ndiye mwalimu mwenyewe, anapima hatari yake kwa jina la tajiri wake.

MwanaKyela: Mwalimu, kama ni wewe, tusalimie Karonga!

MzeeWaMigomba: Awe ni mimi au ni yeye, vipindi vimesimama tangu saa nne asubuhi na ubao haujafutwa. Kesho kuna safari ya Mbeya mjini kumwona mwanasheria. Aende mwenye shule peke yake, au waende wote wawili?

Kisima: Waende wote wawili, wakiwa na pasi na daftari la posho, na wasing'oe ukurasa hata mmoja.

BintiMkwawa: Na kwenye huo mpango wa urithishaji, jina la atakayerithi mmeshaliandika? Vyeti vyangu ninavyo, na basi la Njombe hufika Mbeya mchana.