Naomba ushauri: umeme ukikatika wakati wa baridi kali

Ndugu zangu, juzi usiku umeme ulikatika kwa muda wa saa 9, na mama yangu mzee, ambaye vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma, aliniomba niwashe jiko la mkaa chumbani. Iliniuma kumkatalia, lakini hewa ya kaboni monoksidi, yaani gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Tulikusanyika chumba kimoja, tukaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Chakula cha kwenye friji nilikitupa, kwani kilikaa zaidi ya muda wa saa 4 bila umeme. Naomba mnieleze: ni dalili zipi zitakazonionyesha kwamba mwili wake unapoa kupita kiasi na kwamba ni lazima nimwondoe nyumbani, na je, jenereta iwekwe umbali gani kutoka madirishani?