Neno "run" lina maana ngapi jamani? Natafsiri maelekezo ya mashine ya kufulia nimekwama

mfua_maneno
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wajuzi wa lugha humu ndani. Nimepata kikazi cha kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia, kuna jamaa anaziingiza anauza Kariakoo, anataka wateja wapewe maelekezo ya Kiswahili mana wengi wanaziua ndani ya mwezi wa kwanza afu wanarudi dukani na maneno. Kijitabu chenyewe chembamba, nikajua hii ni ya wikiendi tu. Sasa kuna neno limenikaba koo, "run". Kila ukurasa lipo na kila mahali linamaanisha kitu kingine. Nilijaribu kuipa ile programu ya kutafsiri ya kwenye simu ikanipa "kimbiza mashine ikiwa tupu kabla ya matumizi ya kwanza" na mbele kidogo "rangi nyeusi zinaweza kukimbia" 😂 sasa mteja si ataifukuza mashine uani.

Hizi hapa sentensi zenyewe nizibandike mzione:
"Run an empty cycle before first use."
"Run the tap until the water is clear."
"Do not run the cable under a carpet."
"Dark colours may run."
"If you run out of detergent..."
"The quick wash runs for 30 minutes."
Na kuna "running costs" ukurasa wa mwisho.

Tatizo lingine bosi mwenyewe kasema anataka neno moja la Kiingereza liwe na neno moja la Kiswahili kitabu kizima, anasema ndo utaalamu. Je kuna neno moja linaloweza kubeba zote hizi? Nimefikiria "endesha" ila kwenye rangi na sabuni linagoma.

kipanga_wa_mtaa
Weka "kimbia" kote mkuu, wateja wacheke kwanza ndo wafue.

mwl_mstaafu_iringa
Kijana, hilo neno moja halipo, usijisumbue kulitafuta, na wala si kwamba Kiswahili ni maskini. Hilo "run" limewatoa jasho wenyewe. Wakati wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wanalipitia upya, mmoja wao anaitwa Peter Gilliver alikaa nalo karibu miezi tisa, na alipomaliza akawa amepata maana 645 za kitenzi peke yake, hapo bado hujagusa "run" kama nomino. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", kwenye toleo la 1989 lilikuwa na maana kama 430 hivi. Kwahiyo mtu akikuambia neno moja kwa neno moja, muulize anaongelea maana ipi kati ya hizo 645.

Watu wanadhani maana ya asili ni miguu tu halafu zingine zote zimechipukia hapo. Si hivyo hasa. Kwenye Kiingereza cha kale na kwenye lugha ndugu zake, neno hilo tangu zamani lilikuwa la miguu na la maji pia. Mpaka leo Mjerumani anayo mawili yanayofanana kama pacha, rennen ni kukimbia na rinnen ni kutiririka. Ndo mana kwa Mwingereza mto una-run, machozi yana-run, pua ina-run, hasikii ajabu yoyote, ni sisi tunaoona pua imevaa raba. Halafu zikaja mitambo, viwanda na treni na injini, na hapo ndo neno likafura kabisa, mana kila kitu kinachozunguka wakasema kina-run, kiwanda kina-run, anayekisimamia naye ana-run kiwanda, mwisho wa siku hata mama anaye-run nyumba yake hajanyanyua mguu.

Sasa kazi yako. Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawafundisha hivi, usilitoe neno Kiingereza ulilete Kiswahili moja kwa moja, kwanza libadilishe humo humo kwenye Kiingereza. Tafuta mwenzake anayekaa kwenye kiti hicho hicho bila sentensi kuharibika. "Run the tap", ungeweza kusema open, maji yaachiwe, basi Kiswahili kinakuja chenyewe: fungulia bomba mpaka maji yatoke safi. "Run the cable", hapo mwenzake ni pass, basi usipitishe waya chini ya zulia. "Runs for 30 minutes" mwenzake ni lasts, basi inachukua dakika 30. "Run out" ni finish, sabuni ikiisha, au ukiishiwa sabuni, na hiyo ya pili nzuri zaidi mana inamtaja mwenye shida. Ukiona hupati mwenzake basi maana hujaishika bado, rudi usome sentensi ya juu yake na ya chini yake. Na angalia sana ni nani au nini kina-run. Akiwa mtu, maji, waya, mkataba, kila mmoja anavuta kitenzi chake.

mfua_maneno
Mwalimu umenifungua macho shikamoo. Sasa hiyo ya kwanza je, "run an empty cycle", mwenzake nani? Na bosi nitamwambiaje mana yeye ni mtu wa hesabu haelewi mambo ya lugha.

mwl_mstaafu_iringa
Marahaba. Hapo ni operate. Mimi ningeandika "kabla ya kuanza kufulia, iwashe mashine ikiwa haina nguo, iache mpaka imalize." Achana na neno mzunguko kama unaweza, mama aliyenunua mashine jana hajui mzunguko ni nini ila anajua kuwasha na kumaliza.

binti_pongwe
Bosi mpe hesabu ya "piga" uone kama hajanyamaza. Mwambie atafute neno moja la Kiingereza la kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha, kupiga mswaki, kupiga kura, kupiga magoti, kupiga mbizi, kupiga deki, kupiga chafya, kupiga miayo, kupiga stori, kupiga debe na kupiga marufuku. Akilipata nyie mnaandika kimoja kwa kimoja kitabu kizima. Mzungu akichukua "beat" akaliweka kote hapo si atasema waswahili ni watu wa fujo, wanachapa simu wanachapa nguo wanachapa mpaka meno.

Ila mi naona bosi hajakosea kila kitu. Kwa majina ya vitu yuko sahihi kabisa. Ukiita "mpira wa maji" ukurasa wa 2 usije ukaita "bomba" ukurasa wa 5 na "paipu" ukurasa wa 7, mteja atadhani ni vitu vitatu na atatafuta cha tatu kwenye boksi. Vitufe navyo hivyo hivyo. Ni vitenzi kama run, get, set, take ndo visifungwe kamba.

jirani_wa_nairobi
Nyinyi watu mnajisumbua bure 😄 huku kwetu tungesema tu "run mashine ikiwa empty" na kila mtu anaelewa. Naenda ku-run errands, bizna ina-run poa, jamaa ana-run for MCA, yaani udiwani wa kaunti, hakuna stress. Na tukisema run yenyewe, ile ya miguu, hapo ndio msituguse, Eliud Kipchoge Vienna 2019, marathoni saa moja dakika 59 na sekunde 40, hiyo haihitaji kamusi.

But serious, kuna moja inanichekesha, "bank run". Zamani ilikuwa na maana yake, watu walikuwa wanakimbilia benki kweli wanapanga laini mpaka kona kutoa pesa zao. Sasa ile Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023, wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 siku moja na karibu wote walikuwa wamekaa tu wanabonyeza simu na kompyuta. Hakuna aliyekimbia na bado inaitwa run. Hapo Mwalimu mwenzake ni gani?

mwl_mstaafu_iringa
Jirani karibu. Hapo kwa bahati sisi tuko sawa na wao, "kukimbilia benki" inakubali, mana hata Kiswahili kukimbilia siyo lazima miguu, watu wanakimbilia ardhi, wanakimbilia fursa, wanakimbilia ajira za serikalini. Ile "-ilia" mwishoni ndo imefanya kazi. Na hiyo ya for MCA unajua hata wenyewe hawakubaliani? Mmarekani ana-run, Mwingereza kwa kawaida ana-stand. Mmoja anakimbia mwingine kasimama na wote wanataka kiti kimoja. Sisi tunagombea, na ukiangalia kampeni zetu naona sisi ndo tumesema kweli.

Na kuhusu Kipchoge sawa ila usisahau Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, aliongoza tangu mwanzo hakumpisha mtu.

kipanga_wa_mtaa
Hapo sasa thread imekuwa ya riadha.

Mi nina swali la upande wa pili. Hao wenzetu kwa kukimbia kwa miguu wana jog, sprint, dash, bolt, race, trot, sijui scamper. Sisi je? Au ni kimbia tu na kimbia sana?

binti_pongwe
Kimbia sana?? Wewe ulikulia wapi. Kuna kutimua mbio, kuchomoka, kutimka, kutoka nduki, kula kona, kuna kukurupuka ambako unakimbia hata hujui unakimbia nini, na asubuhi shuleni tulikuwa tunaenda mchakamchaka, hiyo ndo jog yenyewe tena na nyimbo juu. Na kila moja ina mahali pake. Mwizi akiona polisi anatoka nduki, huwezi kusema mwizi kaenda mchakamchaka. Anayedaiwa anakula kona, hata kama anatembea polepole kabisa na miwani ya jua.

mwl_mstaafu_iringa
Binti umegusa pale pale palipokuwa pananiumiza kichwa darasani. Mwanafunzi anapata kile kitabu cha visawe, wenyewe wanakiita thesaurus, aliyekianzisha kwa mtindo huo alikuwa daktari, Peter Mark Roget, kikatoka London 1852, na hakupanga kwa alfabeti, alipanga kwa mawazo, maneno ya mwendo pamoja, ya hasira pamoja. Kitu kizuri sana kwa mtu anayelijua neno ila limemtoka kichwani. Kwa mtoto wa kidato cha pili ni panga mkononi. Anataka kusema baba yake ana-run duka, anaona neno la kawaida mno, anaenda kwenye orodha anachukua lililo refu au lililo geni, anaandika "my father sprints a shop". Yani baba katoka nduki na duka. Visawe vya "run" si visawe vya wao kwa wao. Sprint ni mwenzake wa run ya miguu, manage ni mwenzake wa run ya duka, flow ni mwenzake wa run ya maji, na hao watatu hawajawahi hata kusalimiana.

Kuna na kriketi ndo kichekesho kingine. Mpira ukipigwa ukagonga kamba ya mpaka wanahesabu run nne, na hakuna aliyelazimika kukimbia hata hatua moja. Magazeti yetu yanaandika "mikimbio" na watu wamezoea.

mama_doti
Samahanini nimechelewa, nimesoma yote nimecheka. Mi nauza kanga na vitenge kwahiyo niseme kwenye langu. Hiyo ya rangi msiandike tu "kutoka rangi" mkaondoka. Nguo INACHUJA ikiwa kwenye maji, ukiona beseni limekuwa jekundu hiyo imechuja. Ikianikwa juani siku nyingi ikawa nyeupe nyeupe hiyo IMEPAUKA, siyo kosa la maji wala la mashine. Na ikiwa imeishika nguo ya mwenzake, shati jeupe limetoka na mabaka ya kanga, hiyo IMEAMBUKIZA. Wateja wangu wanakuja kulalamika na neno mojawapo kati ya hayo na mimi najua hapo hapo nianzie wapi. Wa kupauka namuuliza anaanika wapi. Wa kuchuja nauliza ilikuwa mpya, mana kanga mpya lazima ichuje kidogo na lazima ufue peke yake. Sasa hicho kijitabu kinaogopa kuambukiza, si kuchuja. Nguo ikichuja peke yake nani anajali. Andika "nguo za rangi nzito zinaweza kuchuja na kuambukiza nyingine, zifue peke yake".

mfua_maneno
Mama umemaliza kazi, hiyo naiweka kama ilivyo. Kwahiyo mpaka sasa nina kuwasha, kufungulia, kupitisha, kuchuja na kuambukiza, kuishiwa, kuchukua dakika. Run moja imezaa watoto wote hao. "Running costs" nimeweka "gharama za umeme na maji" mana ndo zinazotajwa chini yake kwenye jedwali, nikaona "gharama za uendeshaji" ni ya kwenye ripoti za ofisi. Bosi nimempelekea ile ya piga, kajibu "ok" tu.

jirani_wa_nairobi
Gharama za uendeshaji ingefanya mtu afikirie anahitaji leseni 😂

mama_doti
Sasa kijana hiyo mashine yenyewe bei gani, na mimi umeme wangu unacheza sana, saa zingine nawasha jenereta ndogo, itakubali?

mfua_maneno
Bei nitamuuliza bosi nikuambie mama. Kuhusu umeme ngoja nichungulie... ukurasa wa 3 wameandika "runs on 220–240 V". Aisee, hii nilikuwa nimeiruka.

mwl_mstaafu_iringa
"Inatumia umeme wa volti 220 hadi 240." Na uongeze hapo chini kwa ajili ya mama, kama jenereta yake haifiki wati zilizoandikwa nyuma ya mashine asithubutu.