Chenso inazima nikiachia mafuta, nirekebishe vipi kabureta?

Wakuu, chenso yangu inawaka vizuri na inakata, ila nikiachia kitufe cha mafuta tu inazima. Haikai sailensi (kunguruma polepole bila kubonyeza mafuta) kabisa. Kabureta ina skrubu tatu: L (mafuta ya mwendo wa chini), H (mafuta ya mwendo wa kasi) na T (kasi ya sailensi). Nianze na ipi?

Jibu: Mkuu, kabla ya bisibisi, safisha chujio la hewa, angalia plagi, kisha mwaga petroli iliyokaa muda mrefu. Kabureta husingiziwa mengi.

Jibu: Kweli kabisa. Ukishamaliza hayo, funga L taratibu mpaka igote (usikaze, ncha yake ni nyembamba kama sindano, itaharibika), kisha ifungue mzunguko 1. Washa, iache ipate moto vizuri. Zungusha L kidogo kidogo, huku na huku, ukitafuta pale mlio unapopanda zaidi, halafu ifungue kidogo tena. Sasa T: kaza mpaka mnyororo uanze kutembea, kisha legeza hadi usimame. Mnyororo ukizunguka bila wewe kubonyeza mafuta, usiitumie chenso, tafadhali, unakata mguu. H usiiguse, ukiibana sana injini inakosa mafuta ya kulainisha na pistoni inaungua.

Muulizaji: Chujio lilikuwa limejaa vumbi la mbao. Sasa inakaa, ila nikiilaza ubavu inazima.

Jibu: Hapo fungua L kidogo tena. Ikiendelea, kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ukiwa na ufa inavuta hewa, na hakuna skrubu itakayotibu hilo.