Tupeane uzoefu: ukinyimwa nyumba ya kupanga Marekani

Mlango_Wazi: Wakuu, siku hizi hakuna anayekwambia "hatupangishi Waafrika". Utaambiwa "imeshachukuliwa", na tangazo linabaki wiki nzima. Mnaoyajua haya, shusheni nondo.

Bint_Tanga: Ushahidi hukusanywa siku ileile. Andika saa, jina la aliyepokea simu, na maneno yake kama yalivyotoka. Hifadhi picha ya tangazo. Kisha mtu mwenye lafudhi ya Kimarekani apige muda huohuo, aulizie nyumba ileile, ataje kipato kilekile na tarehe ileile ya kuhamia. Akikaribishwa kuiona, una kitu mkononi. Akijitajia kipato kikubwa kuliko chako ameharibu: mwenye nyumba atasema alichagua mwenye uwezo, na hilo sheria hailikatazi. Mashirika ya haki za makazi hufanya majaribio ya namna hii.

Mzee_wa_Hati: Sheria yenyewe inayokataza ubaguzi wa makazi, Fair Housing Act, ilitiwa saini 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ilianza na rangi, dini na taifa la asili. Jinsia ikaongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. Zamani hati nyingi za nyumba ziliandikwa kwamba asiye Mzungu haruhusiwi kuishi humo, isipokuwa mtumishi wa ndani. Hebu fikiria: kufua ruksa, kupanga marufuku! Mahakama ya Juu ilizuia vifungu hivyo kutekelezwa 1948, ila maneno bado yamo kwenye makabrasha. Ukinunua nyumba ya zamani ukayakuta, usitishike, hayana nguvu. California na Washington kuna utaratibu wa kuyaondoa.

Vyumba_Viwili: Wenye familia kubwa, sikilizeni. Kipimo cha kawaida ni watu 2 kwa chumba cha kulala, lakini si msumeno: ukubwa wa chumba na umri wa watoto huangaliwa, kichanga si sawa na kijana. Angalizo: jengo lisilozidi nyumba 4, mwenyewe akiishi humo, limesamehewa sehemu kubwa ya sheria ya 1968. Kwa ubaguzi wa rangi hachomoki, maana sheria ya haki za kiraia ya 1866 haina msamaha huo.

Bint_Tanga: Malalamiko kwa HUD, wizara ya makazi, ni bure na hayahitaji wakili. Mwisho ni mwaka 1 tangu tukio. Mahakamani miaka 2. Wengi hukwama kwa kuandika "alinidharau" tu. Andika uliomba nini, ukajibiwa nini, na nani alijibiwa tofauti.