Mtafsiri wa muvi umetuibia! Kashfa ya dawa umeigeuza mchepuko

Wakuu, nimekereka hadi usingizi umekata.

Jumamosi nilimpelekea mama flashi ya muvi zilizotafsiriwa. Kiingereza hakimpandi, na nilitamani siku nyingi aione The Constant Gardener, ile ya 2005 ya Fernando Meirelles, iliyopigwa Kibera na kule Loiyangalani, Ziwa Turkana. Nikakaa pembeni yake na karanga zangu.

Kumbe! Hazijafika dakika kumi, mtafsiri keshaamua ni muvi ya mapenzi. Tessa, mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza (Rachel Weisz, aliyebeba Oscar kwa kazi hii), kila akionekana na Dk. Arnold, daktari anayeshirikiana naye, jamaa anafoka "mchepuko huo, steringi amka!" Sawa, muvi yenyewe inakutega umshuku. Lakini ni mtego! Yeye kanasa humo hadi mwisho.

Muvi ni ya dawa ya kifua kikuu, Dypraxa, inayojaribiwa kwa maskini wa Nairobi. Ukiikataa, hutibiwi. Wakifa wanafichwa ili dawa isionekane na dosari, na wakubwa wa serikali ya Uingereza wanajua. Sasa Wanza Kilulu, mmoja wa waliojaribiwa dawa, anakata roho hospitalini, mama ananiuliza, "Mwanangu, huyu binti kafa na nini?" Maana mtafsiri kasema karogwa. Karogwa, wakuu!

Na haya mambo hayajatoka hewani. Kano, Nigeria, 1996, homa ya uti wa mgongo imeshika kasi, kampuni ya dawa ya Pfizer wakafanya jaribio la dawa yao, Trovan, kwa watoto 200, nusu wakipewa Trovan na nusu dawa nyingine. 11 wakafariki, kutoka makundi yote mawili. Kampuni ikakana kuwa dawa yake ndiyo iliyoua. Wazazi wakasema hawakuambiwa kuwa ni majaribio. Mwaka 2009 Pfizer wakakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Nilitaka mama ayajue haya kupitia hiyo muvi, ndiyo maana nina hasira.

Halafu wimbo wa Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada unaingia, ile sauti ya nyatiti inayokausha koo, jamaa anapiga soga juu yake. Wimbo wa Kijaluo nao unautafsiria nini?

Kilichonimaliza ni kanisani London. Barua inayofichua kashfa inasomwa mbele ya watu, Pellegrin, yule mkubwa wa serikali ya Uingereza, anaumbuka, yaani muvi nzima inafunguka hapo. Mtafsiri anafanya nini? Anataja namba yake ya simu, anasalimia washkaji wa Mbagala, anatangaza mzigo mpya wa muvi za Kikorea! Akimaliza salamu, barua imeisha.

Nimempigia kwa namba hiyohiyo. Kanijibu, "Kaka, wateja hawapendi siasa." Buku langu harudishi.

Mwenye kopi yenye maandishi ya Kiswahili chini anitumie, tafadhali. Mama jana kamsimulia jirani habari za mzungu aliyeponzwa na mke malaya.